Tabibu Mwenye Kigugumizi na Washairi wa Craiglockhart

Katika viunga vya kusini-magharibi vya mji wa Edinburgh, huko Uskochi, limesimama jengo kubwa la mawe ambalo halikujengwa kwa ajili ya wagonjwa wa vita. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1870 liwe nyumba ya tiba ya maji. Watu wenye nafasi zao walikwenda huko kuogeshwa maji baridi na maji ya moto na kutembea bustanini, kwa itikadi kwamba mwili uliochoka husafika kwa maji na hewa. Mnamo Oktoba 1916 jengo hilo likatwaliwa na jeshi la Uingereza na kuitwa Hospitali ya Vita ya Craiglockhart, mahsusi kwa maofisa waliorudi kutoka mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji wakiwa na viungo vyao vyote, lakini hawalali, hawatulii, na wengine hawasemi. Jeshi liliondoka mwaka 1919, na siku hizi jengo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Napier. Wapenzi wa ushairi wa Kiingereza hulikumbuka kwa miezi michache ya mwaka 1917, walipokutana humo washairi wawili, Siegfried Sassoon na Wilfred Owen, kila mmoja akiwa chini ya tabibu wake. Habari za washairi hao zimesimuliwa mara nyingi. Habari za matabibu zimesimuliwa kidogo zaidi, na hizo ndizo zinazostahili wasaa hapa.

Maradhi yenyewe hayakuwa na jina lililokubalika. Februari 1915 Charles Myers, tabibu na mwanasaikolojia, aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari watatu ambao, baada ya mizinga kupasuka karibu nao, walipungukiwa na uwezo wa kuona, wa kunusa na kuonja, na wa kukumbuka. Jina alilolitumia likashika kama moto wa makuti, na kwa Kiswahili laweza kuitwa kiwewe cha mizinga. Neno kiwewe lina bahati ya kusema zaidi kuliko lile la Kiingereza: mwenye kiwewe huenda hana jeraha hata la kucha, lakini hajui aendako wala atokako. Myers mwenyewe alikuja kulijutia jina alilolieneza, kwani wengi walioshikwa na maradhi hayo hawakuwa karibu na mzinga wowote siku walipoanguka. Mmoja alitetemeka mikono isishike kikombe. Mwingine miguu ilikufa, na daktari akiipima haoni kasoro. Mwingine mchana alikuwa muungwana wa mazungumzo mazuri, usiku akapiga mayowe hata chumba cha tatu kikaamka. Hesabu itajwayo kwa jeshi la Uingereza hadi vita vilipomalizika ni wagonjwa wapatao 80,000.

Wakubwa wengi wa jeshi waliona hapo woga tu. Askari 306 wa jeshi la Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na wenzao kwa hukumu za utoro, woga na makosa ya namna hiyo, na baadhi yao, kwa dalili zilizoandikwa katika mashauri yao, walikuwa wagonjwa. Msamaha wao ulitolewa na serikali mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Hata miongoni mwa walioamini kwamba ni maradhi, si wote waliokuwa na mkono mpole. Katika hospitali ya Queen Square, London, daktari Lewis Yealland aliwatibu askari waliopoteza sauti kwa umeme. Kitabu chake cha mwaka 1918 kinaeleza, kwa fahari, jinsi askari mmoja wa miaka 24 alivyofungiwa chumbani na kuguswa koo kwa waya wa umeme, akaambiwa kwamba mlango hautafunguliwa mpaka aseme. Baada ya saa nne alisema. Yealland aliiita hiyo tiba, na kwa kipimo cha jeshi ilikuwa tiba: bubu ameingia, msemaji ametoka. Alichokisema yule kijana nafsini mwake hakuna aliyekiuliza.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Craiglockhart ilikuwa ya maofisa. Askari wa chini alipelekwa kwingine, na alipopelekwa alipata dakika ambazo ofisa alizipata kwa saa. Na mpagazi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hakupelekwa popote. Vita hivyo hivyo viliingia bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza, na viliingia Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Vikaendelea nyikani kwa miaka minne, vikibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu yao. Waliorudi waliota ndoto gani, hakuna tabibu aliyekaa kitako akaziandika. Basi yatakayofuata yasomwe kwa kujua kwamba ni habari ya wachache waliobahatika kusikilizwa.

Msikilizaji mwenyewe aliitwa William Halse Rivers Rivers. Alizaliwa mwaka 1864 katika kaunti ya Kent, mtoto wa kasisi aliyekuwa akiwafunza wenye kigugumizi kusema, kazi iliyotoka katika ukoo wa mkewe. Mjomba wake Rivers, James Hunt, alikuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Kwa kejeli ya maisha, kijana aliyekulia katika nyumba iliyojaa tiba ya ndimi alikuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, na hakikumwacha kabisa mpaka mwisho. Aliingia udaktari mapema, akamaliza mwaka 1886, akafanya kazi ya tabibu wa meli, kisha akavutwa na maradhi ya mishipa ya fahamu na baadaye na elimu ya nafsi, aliyoifundisha Cambridge.

Jambo jingine la ajabu lilikuwa juu yake. Rivers hakuweza kuona picha akilini. Mtu wa kawaida akifumba macho huiona nyumba ya utotoni mwake, lakini yeye hakuiona, au aliiona kwa ukungu. Aliandika kwamba ya ghorofa ya juu ya nyumba aliyoishi mpaka umri wa miaka mitano hakuweza kukumbuka hata kidogo, ilhali ya chini aliikumbuka. Akashuku kwamba kulitokea jambo huko juu ambalo akili ililifungia mlango. Hakupata kulijua. Hivyo basi mtu aliyekuja kuwatibu waliofurikwa na picha wasizoweza kuzifukuza alikuwa mtu asiye na picha. Huenda ndiyo sababu alitegemea sana maneno, na huenda sivyo, lakini ni vigumu kulitupa wazo hilo.

Kabla ya vita jina lake lilijulikana kwa kazi mbili. Ya kwanza alifanya na rafiki yake daktari Henry Head, ambaye naye alikuwa mtunzi wa mashairi. Mwaka 1903 Head alijitoa akatwe mshipa wa fahamu mkononi, na kwa zaidi ya miaka minne Rivers akawa anampima, kwa sindano na pamba na maji ya baridi, kuona hisia zinavyorudi. Ya pili ilikuwa safari za visiwani. Mwaka 1898 alikwenda katika visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, baina ya Australia na Guinea Mpya. Mwaka 1908 alikwenda visiwa vya Solomon na Melanesia. Huko alijifunza kuuliza swali dogo na kungoja. Mtindo wake ulikuwa wa kuanza na nasaba: jina la mama, jina la baba wa mama, nani aliolewa na nani, hata ukoo mzima ukajipanga na pamoja nao sheria, ugomvi na huzuni za kisiwa.

Kisa kimoja cha safari hiyo ya 1908 alikipenda mwenyewe. Chomboni walikuwemo wenyeji wanne wa kisiwa cha Niue, naye akawauliza juu ya mila za kugawana mali. Walipokwisha kumjibu, wakasema sasa ni zamu yao. Je, yeye akipata pauni moja, atagawana na wazazi na ndugu zake? Akasema si lazima, na kwamba kwao si desturi. Jibu hilo liliwachekesha wasiweze kujizuia. Rivers alifahamu papo hapo kwamba mila yake ilikuwa kichekesho kwao kama vile zao zilivyokuwa ajabu kwa Wazungu, na kwamba hakuna mizani ya tatu ya kupimia. Daktari aliyewahi kuchekwa hivyo, na akaona kwamba wanaocheka wana haki, si rahisi akakaa mbele ya mgonjwa kama kadhi.

Vita vilipoanza alikuwa Australia. Aliporudi alipelekwa kwanza hospitali ya Maghull, karibu na Liverpool, mwaka 1915, na mwaka uliofuata akahamishiwa Craiglockhart. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Ushauri ambao karibu kila mgonjwa aliyefika alikuwa ameupata, kutoka kwa madaktari, jamaa na makamanda, ulikuwa mmoja: sahau. Fikiria mambo mazuri, soma vitabu vya kuchekesha, cheza gofu, usiwaze vita. Mgonjwa mwenyewe, kwa uungwana, alijitahidi. Mchana kutwa alijishughulisha asipate nafasi ya kukumbuka, na usiku akakiogopa kitanda chake. Rivers aliona kwamba juhudi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha homa. Kumbukumbu inayozuiwa mlangoni mchana hurudi kwa dirishani usiku, na hurudi na nguvu za mtu aliyenyimwa. Hoja hii aliisoma mbele ya madaktari wenzake London Desemba 1917, na The Lancet ikaichapa Februari 1918. Ndiyo makala inayomfanya akumbukwe hata sasa.

Alikuwa amemsoma Freud, na aliwaambia Waingereza waliokuwa wakimkejeli Myahudi huyo wa Vienna kwamba kuna mengi ya kuchukua kwake. Lakini hakukubali kwamba mzizi wa maradhi ya mahandaki ni tamaa za mwili. Kwa Rivers mgogoro ulikuwa wazi kama mchana: silika ya mtu kutaka kuishi inapigana na wajibu wake wa kusimama alipo. Katika vita vya zamani askari alikimbia au alipiga. Handakini alikaa, wiki kwa wiki, akingoja mzinga asioweza kuukwepa wala kuurudishia. Ofisa alikuwa na mzigo wa ziada, maana alifundishwa tangu shuleni kutoonyesha hofu, na sasa macho ya vijana thelathini au arubaini yalimtazama yeye. Rivers aliwaambia wagonjwa wake maneno ambayo hawakupata kuyasikia kwa mtu mwenye cheo: kwamba hofu si aibu, machozi si aibu, na kwamba kuvunjika baada ya kuvumilia yasiyovumilika si dalili ya udhaifu wa ukoo.

Tiba yenyewe ukiitazama kwa nje ilikuwa mazungumzo tu. Mgonjwa alikuja chumbani, jioni aghalabu, akaketi, akasimulia. Tabibu aliuliza kidogo. Hakulazimisha, na mara chache sana alitumia usingizi wa kulazwa akili. Shabaha haikuwa kumwaga machungu peke yake, ingawa kumwaga kulisaidia. Ilikuwa kumfikisha mgonjwa mahali pa kulitazama jambo lililompata mpaka aone ndani yake upande ambao hofu ilimzuia kuuona, na kisha aweze kulibeba kama mtu anavyobeba msiba wowote. Rivers alionya pia juu ya upande wa pili: wapo waliotoka katika kusahau kwa nguvu wakaingia katika kuchimba kidonda kutwa kucha, na hao nao hawakupona.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha. Ofisa mmoja alikuwa akimtafuta rafiki yake baada ya shambulio, akaukuta mwili umeraruliwa na mzinga, kichwa na viungo vimetengana na kiwiliwili. Tangu hapo kila usiku rafiki yule alimjia ndotoni, mara kama alivyoonekana siku ile, mara na sura mbaya zaidi, na mwenye ndoto akaamka amelowa jasho. Alikuwa ameshauriwa asahau. Rivers alipomsikiliza mpaka mwisho, alimwonyesha jambo moja. Hali ile ya mwili, alisema, ni ushahidi wa wazi kwamba rafiki alikufa papo hapo, hakulala shimoni saa nyingi akiteseka kama walivyolala wengine. Yule ofisa uso ukamwangaza. Hapo alikuwa na kitu ambacho angeweza kukifikiria bila kukimbia. Siku kadhaa hakuota kabisa. Kisha usiku mmoja akaota yuko uwanda wa vita, ameuona mwili vile vile, lakini hofu haipo. Alipiga magoti, akaanza kukusanya vitu vya marehemu apate kuwapelekea wazazi, kama alivyofanya kwa kweli siku ile. Alipokuwa akifungua mkanda aliamka akilia polepole, na alichokisikia kilikuwa majonzi ya kufiwa na rafiki, si kitu kingine. Baadaye aliota wanazungumza, naye akamweleza marehemu ugonjwa wake wote.

Washairi wa pwani wanaojua kazi ya tanzia hawatahitaji kuelezwa kilichotokea hapo. Kiwewe kiligeuka huzuni. Mtu aliyekuwa akifukuzwa na maiti alipewa nafasi ya kumlilia maiti.

Lakini Rivers hakuficha kilichomshinda, na hilo ndilo linalomtofautisha na Yealland kuliko upole wake. Katika makala hiyo hiyo ameeleza ofisa mwingine ambaye mzinga ulimtupa kifudifudi juu ya maiti ya Mjerumani iliyokwisha vimba kwa siku kadhaa, tumbo likapasuka, na kabla hajazimia akatambua kilichomjaa mdomoni. Ladha na harufu zilimrudia kila siku. Rivers aligeuza jambo hilo kila upande, hakuona hata chembe ya kushikiwa, wala hakumtungia faraja ya uongo. Akamshauri aache jeshi, akaishi shamba, mahali ambapo zamani aliwahi kupata nafuu. Hiyo nayo ni tiba, ya mtu anayejua maneno yake yanafika wapi.

Tabibu wa pili, Arthur Brock, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye hakungoja mgonjwa aketi, alimwamsha aende. Aliamini kwamba askari aliyeharibikiwa amekatwa na mazingira yake, kama mti uliong'olewa, na kwamba tiba ni kumrudisha katika ardhi, kazi na watu, fikra aliyoichota kwa Patrick Geddes, mwanazuoni wa Edinburgh. Wagonjwa wake walipanda vilima, walilima, walipima mitaa ya mji, walihutubia katika chama cha elimu ya viumbe. Wengi walimwona msumbufu.

Brock alikuwa pia mfasiri. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, ilichapishwa London tafsiri yake ya kitabu cha Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, juu ya nguvu za asili za mwili. Galen ndiye Jalinus wa vitabu vya utabibu vya Kiarabu, ambaye Hunayn ibn Ishaq na wanafunzi wake walimfasiri Baghdad katika karne ya tisa, na ambaye jina lake lilifika hata pwani hii pamoja na elimu ya tabia nne za mwili. Kutoka kwa mzee huyo Brock alichukua imani kwamba mwili ni kitu kimoja na hujitibu wenyewe ukiwezeshwa. Ufasiri aghalabu huhesabiwa kazi ya pembeni ya mtu mwenye kazi nyingine. Kwa Brock ulikuwa chemchemi ya kazi hiyo nyingine.

Owen aliletwa kwake mwishoni mwa Juni 1917, kijana wa miaka 24. Masika ya mwaka huo mzinga ulikuwa umemrusha hewani, na alikaa siku kadhaa shimoni karibu na mabaki ya ofisa mwenziwe. Kamanda wake alimtilia shaka ushujaa. Brock alimpa kazi mara moja. Moja ilikuwa kutunga shairi juu ya Antaeus, lile jitu la hadithi za Kigiriki lililopata nguvu upya kila lilipogusa ardhi, mama yake, hata Heracles akalishinda kwa kulinyanyua juu. Kwa Brock hiyo ilikuwa ndiyo habari ya kila mgonjwa wake. Shairi hilo Owen hakulimaliza, na si hasara kubwa. Lakini alisoma mhadhara juu ya mimea, alifundisha fasihi katika shule ya Tynecastle, na alipewa uhariri wa gazeti la hospitali, The Hydra, lililoitwa kwa jina la nyoka wa maji mwenye vichwa vingi, mzaha juu ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya maji.

Katikati ya Agosti aligonga mlango wa Sassoon, mkononi nakala za diwani ya mwenyeji huyo akitaka zitiwe sahihi. Sassoon alikuwa na umri wa miaka 30, mwenye nishani ya ushujaa na jina. Alikuwa kitandani akisugua fimbo zake za gofu. Kutoka mlango huo ulitoka urafiki wa miezi miwili na nusu. Miswada ya shairi lijulikanalo kwa jina la Anthem for Doomed Youth ingalipo, na juu yake mwandiko wa Sassoon wa penseli unaonekana, hapa amefuta, hapa amependekeza, hata katika anwani. Dulce et Decorum Est lilianza kuandikwa humo humo mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo Owen alikuwa mtunzi wa mashairi matamu ya kuiga wakubwa. Sassoon alimwonyesha kwamba yale yanayomwamsha usiku yanaweza kuandikwa mchana. Brock alikuwa amekwisha msimamisha kwa miguu yake, la sivyo mlango usingegongwa. Kugawa sifa baina ya tabibu na mshairi katika jambo hili ni kazi ya bure, ingawa wapo walioifanya kwa kurasa nyingi.

Sassoon kwa upande wake hakuwa mgonjwa, au hakuwa mgonjwa kama wengine. Julai 1917 alitoa tamko kwamba vita vimegeuka kutoka vita vya kujilinda kuwa vita vya kuteka, na kwamba hatavitumikia tena. Tamko lilisomwa bungeni tarehe 30 mwezi huo. Rafiki yake Robert Graves, naye mshairi, akichelea mwenzake asifungwe, alikuwa amekwisha washawishi madaktari kwamba Sassoon ameharibikiwa na mishipa. Serikali nayo iliona heri mpinzani awe mwendawazimu kuliko shahidi. Akapelekwa Craiglockhart tarehe 23 Julai. Rivers alimpima, akaandika kwamba haoni dalili ya kasoro ya mishipa ya fahamu, na kwamba anazungumza juu ya matendo yake kwa akili timamu.

Kazi ya Rivers ikawa, basi, kumtibu mtu mzima wa afya ugonjwa wa kuwa na rai. Wakaonana mara tatu kwa wiki, na kwa muda mfupi Sassoon akampenda kama baba. Hakuna aliyepigwa umeme, hakuna aliyefokewa. Na hapo ndipo mahali pazito pa habari hii yote, maana upole unaweza kumrudisha mtu kwenye mizinga kama umeme unavyoweza, tena kwa ridhaa yake. Rivers alilijua hilo. Katika kitabu chake juu ya ndoto, kilichochapishwa mwaka 1923 baada ya kufa kwake, ameichambua ndoto yake mwenyewe ya siku hizo, mgonjwa akimwita kwa herufi tu, B. Anakiri kwamba hakuwa huru katika mazungumzo yale kwa kuwa alivaa sare ya jeshi, na kwamba ilimpitia fikira ya kichekesho: itakuwaje kama mgonjwa ndiye atakayembadili tabibu? Ni madaktari wachache wa vita vile walioweka swali hilo kwenye karatasi.

Sassoon aliamua kurudi. Hakubadili rai yake juu ya vita, lakini hakuweza kukaa akila chakula cha jioni kwenye meza ya kitambaa cheupe, na wanaume aliowaongoza wako matopeni. Baraza la kwanza la madaktari mwezi wa Oktoba alilikimbia kwa kuchoshwa na kungoja. La pili, tarehe 26 Novemba 1917, likamthibitisha mzima. Alikwenda Palestina, kisha Ufaransa, na Julai 1918 akapigwa risasi ya kichwa, na aliyempiga alikuwa askari wa upande wake aliyemdhani adui. Hakufa. Rivers alimwendea hospitalini London.

Owen naye alithibitishwa mwishoni mwa Oktoba 1917, akarudi mstari wa mbele mwaka uliofuata, akapata nishani ile ile ya Sassoon. Tarehe 4 Novemba 1918 aliuawa kwenye mfereji wa Sambre na Oise, karibu na kijiji cha Ors. Simu ya msiba iliwafikia wazazi wake Shrewsbury tarehe 11, siku ya kusimamishwa vita, kengele za makanisa zikilia. Tiba ya Brock ilikuwa imefanikiwa.

Rivers aliondoka Craiglockhart mwishoni mwa 1917 kwenda hospitali ya marubani, Hampstead. Baada ya vita alirudi Cambridge, na waliomjua wanasema alikuwa amebadilika. Yule mwanazuoni mkimya alikaribisha wageni chumbani, alizungumza na wafanyakazi, na mwaka 1922 alikubali kugombea ubunge kwa chama cha Leba. Mwaka huo huo alihariri kitabu juu ya kupungua kwa watu wa Melanesia, na humo akadai kwamba pamoja na maradhi na bunduki, jambo lililowaua wenyeji lilikuwa kuondolewa, kwa amri za wageni, yale yaliyowapa hamu ya kuishi. Ni hoja ya mtu aliyekwisha ona kwamba nafsi inaweza kuuawa na mwili ukafuata. Alikufa ghafla tarehe 4 Juni 1922, kwa utumbo uliojisokota, umri miaka 58. Mwaka huo pia kamati ya serikali ilipendekeza jina la kiwewe cha mizinga liachwe. Maradhi yenyewe hayakuachika: mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa Marekani waliyaingiza upya katika kitabu chao cha maradhi ya akili kwa jina jipya.

Sassoon aliishi mpaka 1967. Mwaka 1936 alichapisha sehemu ya tatu ya masimulizi ya maisha yake, aliyoyaandika kwa sura ya riwaya. Yeye mwenyewe ndani yake anaitwa George Sherston. Graves anaitwa David Cromlech. Craiglockhart inaitwa Slateford. Tabibu anaitwa Rivers.